Sikiliza Nyundo Kabla ya Kushika Tupa

Kibarani, Mombasa

Mpwa wangu mpendwa,

Mama yako kaniambia umepangwa kwenye ghala la silaha, na kwamba AK moja inakusumbua: mara inalia, mara kimya. Nimefurahi umeuliza kabla hujashika tupa.

Kwanza chomoa magazini, vuta mkono wa kukokia, tazama chemba kwa jicho, kisha papasa kwa kidole. Kila mara, hata kama aliyekupa ni mkubwa wako.

Kimya ni cha aina mbili. Ikiwa kwenye shabaha triga ilivutwa ikasikika "ta!" bila mlipuko, nyundo ilianguka. Askari asubiri, mtutu uelekee mahali salama, ndipo aitoe risasi. Itazame nyuma: alama ya pini ikiwa hafifu, springi ya nyundo imechoka au pini imekwama kwa uchafu; ikiwa ya kina, ishuku risasi. Lakini kama hakukusikika kitu, nyundo haikushikwa. Ilifuatana na boliti ikirudi mbele.

Jaribu hivi, bunduki ikiwa tupu. Swichi iwe chini kabisa, kwenye mojamoja. Katikati ni mfululizo, utadanganyika. Vuta triga uishikilie, vuta mkono nyuma uuachie, kisha legeza triga polepole. Lazima usikie mlio mdogo: kijino cha nyuma kinaikabidhi nyundo kwa triga. Usipousikia, kijino kimelika au springi yake imekufa, na bunduki hiyo inaweza kutoa risasi mbili kwa mvuto mmoja.

Hapa Kibarani chumvi ya bahari haikosi hewani. Springi ya nyundo ya AK imesokotwa kwa zaidi ya waya mmoja, na unyevu wa chumvi hujificha katikati, ukaleta kutu. Waya mmoja ukikatika, badilisha springi nzima.

Niliwahi kumwona fundi akikinoa kijino ili triga iwe nyepesi. Ugumu wa chuma kile ulikuwa juujuu. Tupa ilipoupitia, kilichobaki kililika upesi. Siku chache baadaye, uwanjani, bunduki ilitoa mbili. Hakuna aliyeumia, lakini mlio ule wa pili ningali nausikia.

Mwanangu, kijino kibovu kibadilishe, usikichonge. Andika daftarini nambari ya bunduki na kosa lake, na mpaka ijaribiwe upya usiikabidhi kwa askari yeyote.

Mjomba wako