Songwe na Watu Wake



Sisi tunaokaa Kasumulu twauona mto Songwe kila siku, tukadhani umekuwa mpaka tangu kuumbwa kwa dunia. Sivyo. Ulifanywa mpaka mwaka 1890, Wajerumani na Waingereza walipogawana nchi hizi kwa mkataba uliotiwa sahihi Berlin. Wanyakyusa wa upande huu na Wangonde wa Karonga husema lugha moja, ila matamshi hutofautiana kidogo. Wazee husimulia kwamba watawala wao wa kale, Lwembe wa Lubaga na Kyungu wa Mbande, chimbuko lao ni moja, huko milima ya Ukinga. Na mto wenyewe hautulii: mafuriko yakija huhama mkondo, na shamba la mpunga lililolala Tanzania likaamkia Malawi, hali mwenye shamba hajasogea hata hatua moja!

Wandali nao wako pande zote mbili, Ileje na Chitipa. Lakini tungependa kuwataja hasa Wakisi, kabila dogo la mwambao chini ya milima ya Livingstone. Akina mama wa Ikombe hufinyanga vyungu, huvichoma, kisha huvipeleka kwa mitumbwi hadi soko la Matema. Ni nyumba ngapi za Kyela zilizopikia chungu cha Mkisi huku zikimcheka Mkisi kwa uchache wa watu wake? Tena jina Kyala, ambalo kwa Kinyakyusa twamwitia Mwenyezi Mungu, kabla ya wamisionari lilihusiana na pango la matambiko karibu na Ikombe hiyohiyo, katika nchi ya Wakisi.

Tumeyaandika haya kwa sababu jumuiya mojawapo imekataa jina la mjane mmoja kwa nafasi ya mweka hazina, eti "si wa hapa". Amezaliwa ng'ambo, akaolewa huku, akamzika mumewe huku. Miaka yote ameimba nasi, amepika misibani, wala hakuna aliyeuliza kwao ni wapi mpaka kilipotokea cheo. Mambo ya uraia yana ofisi yake pale mpakani, nasi twaiheshimu. Jumuiya haikupewa kazi hiyo. Uchaguzi utarudiwa Jumapili ijayo baada ya Misa ya pili, na jina lake litasomwa pamoja na mengine.