Kidonge cha Saa Mbili Usiku

Kama ulisoma shule ya bweni miaka ya 1980, popote kati ya Embu na Chogoria, bila shaka kengele yenu ilikuwa ringi ya gurudumu la lori, imening'inizwa kwa mnyororo mtini na kugongwa kwa nondo. Ya kwetu ilisikika hadi ng'ambo ya mto. Jikoni kulinukia githeri na moshi wa kuni mbichi. Asubuhi za Julai ukungu uliteremka kutoka Kirinyaga ukatufunika, hata mwalimu wa zamu akawa anawahesabu wanafunzi gwarideni kwa kusikiliza vikohozi vyao.

Hapo nilikuwa nikifundisha Kiswahili. Mwaka 1986 dada yangu wa Chogoria akaniletea mwanawe. Waliteremka kwenye matatu ya Peugeot 504 wakiwa na sanduku la bati, godoro, na bahasha ya kaki iliyokunjwa mara mbili, ndani yake vidonge vidogo vyeupe. Mpwa wangu alikuwa na kifafa. Na alikuwa katika kundi la kwanza la 8-4-4 kuingia sekondari, wale watoto waliobebeshwa masomo mpaka kilimo na useremala.

Vidonge vile vilikuwa fenobabitoni. Ni dawa ya zamani, imetibu kifafa tangu 1912, bei yake nafuu, na imewaokoa watu wengi mno kwetu. Lakini inaleta usingizi. Kijana alikuwa akimeza asubuhi na jioni, na kufikia kipindi cha tatu kichwa kilikuwa kimelala juu ya dawati. Siku moja nilikuwa katikati ya ngeli ya KI-VI, mara nikasikia mkoromo mnene, wa mzee aliyeshiba mukimo. Darasa zima likaangua kicheko, nami nikacheka, naye akaamka akacheka nasi. Walimu wengine hawakucheka. Kuna aliyempigisha magoti juani kwa kosa la kusinzia, na jambo hilo linaniuma hadi leo, kwa sababu mtoto hakuwa na uwezo juu ya kope zake.

Wenzake wa bweni walimtafutia tiba yao. Unajua kwetu: Meru kuna miraa ya Nyambene iliyofungwa kwa majani ya mgomba, na upande wa Embu kuna muguka wa Mbeere. Wakampa muguka autafune, macho yakae wazi. Na kweli yakakaa wazi, usiku kucha. Alfajiri akaanguka pale mferejini, ndoo ikabingirika hadi kwenye ua. Sina ugomvi na mkulima wa muguka wala wa miraa. Mazao hayo yamelipa karo nyingi. Ila kukosa usingizi ni miongoni mwa mambo yanayoamsha kifafa upesi.

Wavulana walitawanyika. Siku zile watu waliamini kwamba povu la mgonjwa likikugusa nawe utaanguka. Mmoja aliyebaki alikuja mbio na kijiko akitaka kumtia mdomoni. Matroni akamzuia. Mama yule aliwahi kufanya usafi wodini Chogoria, katika hospitali iliyoanzishwa na wamisheni wa Kiskoti mwaka 1922, na macho yake hayakuwa yakilala akipiga deki. Alilegeza tai ya kijana, akakunja sweta akaliweka chini ya kichwa chake, akamlaza ubavu, kisha akatazama saa ya ukutani. "Acheni apumue," akasema. "Akiamka atataka maji na mtu asiyemshangaa."

Tukampeleka hospitali kuu ya mkoa, pale Embu mjini. Benchi ndefu, harufu ya dawa ya kuua vijidudu, kina mama wa Runyenjes na ndizi mbivu vikapuni. Daktari alitusikiliza, akatueleza kwamba dawa ile hukaa damuni siku nyingi, kwa hiyo dozi yote inaweza kumezwa usiku na kazi ikaendelea mchana. Akatuonya tusipunguze wala kuruka kidonge kwa akili zetu, maana kuacha ghafla huweza kuleta mfululizo wa kifafa usiokatika.

Hapo ndipo shule ilipojipanga, bila mtu yeyote kuandika barua. Matroni akaitunza ile bahasha. Ringi ya saa mbili usiku ikilia, kijana alipita ofisini kwake, akameza, akaenda kulala huku wenzake wakiendelea na masomo ya usiku. Jirani yake wa dawati alitafuta karatasi ya kaboni, akawa anaandika noti zake na za mwenzake kwa mkono mmoja. Muhula mzima vidole vyake vilikuwa vya buluu. Mwalimu wa useremala alimwondoa kwenye msumeno akampa kazi ya kupima na kupiga msasa, na viti vya chumba cha walimu havijawahi kuwa laini vile.

Baadaye alibadilishiwa dawa, akapewa fenitoini. Usingizi ukapungua, lakini fizi zikaanza kuvimba na kupanda juu ya meno. Mtu mzima angesema fizi ni jambo dogo. Mvulana wa kidato cha tatu, siku ya mdahalo na shule ya wasichana, hawezi kulisema hilo. Akawa anacheka akiwa ameziba mdomo. Matroni alimsimamia apige mswaki kila baada ya chakula, na fizi zikapoa kiasi, si kabisa.

Kisha ikaja kabamazepini. Dozi ilipopandishwa aliona vitu viwiliviwili. Akaniuliza darasani, kwa unyenyekevu wote, "Tata, ninakili ubao upi?" Dozi ikateremshwa, ubao ukarudi kuwa mmoja. Mwaka 1991 ulichapishwa utafiti uliofanywa Nakuru kwa watu 302, ukilinganisha fenobabitoni na kabamazepini, ikaonekana zinakaribiana kwa kuzuia kifafa. Niliposoma habari ile nilifikiri juu ya kaboni na msasa, vitu ambavyo havimo katika vipimo vya daktari yeyote.

Alifanya mtihani wa kwanza wa KCSE mwaka 1989. Leo ana kahawa yake, ana mke, na kidonge chake bado ni cha saa mbili usiku. Matroni ametangulia mbele ya haki. Mti ulikatwa wakajenga maabara, na lazima wangejenga, watoto wameongezeka. Ringi sijui iliuzwa kwa nani wa vyuma vikuukuu. Siku hizi ni king'ora cha umeme, na ofisi ya matroni ina mashine ya kutoa nakala.

Juzi mpwa wangu alinionyesha ratiba ya bweni anakosoma mwanawe. Kuamka saa kumi alfajiri. Darasani saa kumi na nusu. Masomo ya usiku hadi saa nne. "Tata," akaniambia, "mimi hapa ningemaliza muhula?" Nikaipitia ratiba ile mstari kwa mstari nikitafuta mahali ambapo mtoto kama yeye angelala, nikamrudishia karatasi yake.