Nyota nyekundu na bei ya uvumi

Familia zilizokimbia makwao zinaijua vizuri bei ya uvumi. Neno moja tu, "wanakuja", linatosha kumaliza kijiji kizima usiku, na shamba likabaki bila kuvunwa. Hata mbinguni uvumi hufika.

Kuanzia Desemba hadi Machi, saa za jioni, nyota moja yenye wekundu huonekana Kongo, karibu na zile nyota tatu zilizopangana kwa mstari. Inaitwa Betelgeuse. Mwishoni mwa 2019 ilianza kufifia, na kufikia Februari 2020 ilibaki na karibu theluthi moja ya mwanga wake. Watu wengi duniani wakasema: inalipuka sasa!

Wataalamu wa nyota hawawezi kuipasua nyota ili watazame ndani. Wanaijenga ndani ya kompyuta: wanaingiza uzito na gesi zake, wanaiacha izeeke kwa hesabu, kisha wanailinganisha na ile ya angani. Mwaka 2020, timu ya Meridith Joyce ilipata kwamba Betelgeuse bado inachoma heliamu katikati yake, na kwamba imebakiza zaidi ya miaka 100,000 kabla ya kulipuka. Mwaka 2021, picha za darubini kubwa iliyoko Chile, zikilinganishwa na hesabu za kompyuta, zilionyesha kilichoziba mwanga: wingu la vumbi lililotokana na gesi ya nyota yenyewe.

Wengine walibisha mwaka 2023, wakisema mlipuko uko karibu zaidi. Nao walileta hesabu zao mezani, zikakaguliwa na wenzao. Na hata ikilipuka, iko mbali mno kuidhuru dunia: mwanga wake husafiri zaidi ya miaka 500 kabla ya kutufikia.

Mwaka 2024, hesabu zilitabiri kwamba nyota ndogo inaizunguka Betelgeuse kwa karibu miaka sita. Julai 2025, watafiti waliotumia darubini ya Gemini North, Hawaii, walitangaza kuona dalili yake hafifu. Hawajafunga mjadala: wanangojea Novemba 2027, itakapokuwa mbali zaidi na nyota kubwa, wapime tena.

Kambini hakuna darubini. Lakini maswali yao hayahitaji pesa: nani ameona kwa macho yake? Lini? Na nani mwingine amehakikisha? Mama akiyauliza kabla ya kuwabeba watoto usiku, huenda akaokoa safari moja ya bure.