Kamba Mpe Mwenye Mbwa

Likoni, Mombasa

Mpwa wangu,

Goti la mama yako limepungua uvimbe, na ule mnazi wa uani umeangusha kuti jingine juu ya banda la kuku.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka. Mara ya pili nikatafuta kalamu, maana mambo ya mbwa hayamaliziki kwa simu. Umesema Bruno, mbwa wa nyumba unayofanyia kazi huko Doha, alishajua kungoja mlangoni, wiki 3 nzima hakukosea, kisha juzi kijana wa kuleta chakula akabonyeza kengele, mbwa akaruka, mfuko wa shawarma ukapasukia sakafuni, na madamu akasema mbele ya watoto kwamba mafunzo yako ni kupoteza wakati. Ukamalizia: "Mjomba, huyu mbwa amenirudisha chekechea."

Hakukurudisha popote. Bruno ana miezi 8, na hilo ungeliniambia mwanzo ningekutahadharisha mapema. Mwaka 2020 watafiti wa Uingereza walichapisha kazi waliyoifanya kwa mbwa wanaoandaliwa kuongoza vipofu. Waliwapima wakiwa na miezi 5, kisha wakiwa na miezi 8. Wakaona kwamba wakifika miezi 8 mbwa humpuuza mlezi wao kuliko zamani, lakini mgeni akiwaambia kaa, wanakaa. Ni kubalehe tu. Wewe ulipokuwa na miaka 14 mama yako alikutuma dukani ukawa kiziwi, Bi mkubwa wa nyumba ya pili akikutuma unatimka mbio. Hatukukuuza.

Sasa lile la mlango. Jiweke mahali pa Bruno. Kila siku, mara 3 au 4, pikipiki inasimama nje ya geti. Yeye anabweka. Mtu anashusha mfuko, anaondoka. Kwa hesabu ya mbwa, amebweka na adui amekimbia. Ameshinda! Wewe unadhani mnafundishana kwa ile robo saa ya asubuhi uliyoitenga, kumbe kengele ya mlango inamfundisha kutwa, na kila mara inamlipa. Zungumza na askari wa geti la kompaundi yenu. Walinzi wengi huko ni watu wetu, wa Kenya na Uganda, hutakosa wa kukusaidia. Mwombe akimaliza zamu aje abonyeze kengele, asimame tu, asilete kitu. Bruno akinyamaza hata kwa pumzi mbili, mpe kipande cha kuku. Mara 10, kisha mwisho. Usimfanyie mazoezi kwa vijana wa pikipiki. Wale wanahesabiwa dakika, na wengine wanaogopa mbwa kuliko joto.

Na jambo hili lisikuvunje moyo: ukiacha kumjali anapobweka, siku za kwanza atabweka zaidi. Moto wa makuti hupanda juu kabla haujazimika. Ikiwa siku ya 4 madamu atachoka na kelele akamtupia biskuti, mmemfundisha kwamba kubweka kidogo hakulipi, kubweka sana kunalipa. Hapo ndipo watu wengi husema mbwa wao ana kichwa kigumu.

Umeniambia pia, kwa sauti ndogo, kwamba ulimchapa ndara. Nimesikia, ingawa ulitaka nisisikie. Usirudie. Sisemi kwa huruma tu. Kofi linakuja baada ya kosa, na mbwa halihusishi na shawarma aliyoirarua dakika 2 nyuma, analihusisha na mkono wako uliokuwa karibu naye. Kesho ukinyoosha mkono huohuo kumfunga kamba, atakwepa, nawe utasema ni mkaidi. Kule Morogoro, chuoni Sokoine, wanafundisha panya buku kunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini. Kidude kinalia kli, panya anapata ndizi, basi. Mmoja wao, Magawa, alizaliwa Morogoro, akapelekwa Kambodia, akagundua mabomu ya ardhini 71, na mwaka 2020 akapewa nishani ya dhahabu na shirika la Uingereza la wanyama. Panya huyo hakuchapwa na mtu ndara. Atachapwaje? Angekufa.

Nunua daftari. Zile alama za tiki unazoweka kwenye simu hazikwambii kitu. Andika tarehe, saa, nani alikuwepo, ametembea kiasi gani, na kati ya mara 10 amefanya mara ngapi. Akifanya 8, ongeza ugumu kidogo siku inayofuata. Akifanya 5, umekwenda mbio mno, punguza. Na ukiongeza, ongeza jambo moja: ama umbali, ama muda wa kungoja, ama vishawishi. Wewe ulimfundisha kungoja sebuleni kimya kwa sekunde 20, kisha ukataka angoje mlangoni, kengele inalia, nyama inanukia, watoto wanapiga kelele. Hiyo si hatua moja. Ni kama kumtoa mtoto alifu ukamkabidhi msahafu.

Nilipokuwa nikifanya kazi ya mbwa huko uliko, daftari lilinionyesha jambo ambalo macho hayakuliona. Kila mwaka mbwa wangu walikuwa wakiharibika kuanzia Juni. Nikadhani ni mimi, nikadhani ni chakula. Ni jua. Unajua sheria ya huko: tangu Juni mosi hadi Septemba 15, kazi za nje juani haziruhusiwi kuanzia saa 4 asubuhi hadi saa 9 na nusu alasiri. Sheria hiyo ni ya binadamu waliovaa viatu. Bruno yuko peku. Weka nyuma ya kiganja chako kwenye lami, hesabu hadi 7. Usipoweza, yeye naye hawezi. Mtoe baada ya alfajiri na baada ya isha, na Agosti ile yenye unyevunyevu, hata usiku mfupishe. Lakini mbwa asiyetoka nje nguvu zake zinakwenda kwenye makochi. Basi mchoshe kichwa: viringisha taulo kuukuu, ficha vipande vya kuku ndani ya mikunjo, mwache anuse na kufunua. Kunusa hivyo huku kiyoyozi kinavuma nako kutamchosha.

Kuhusu swala, umeuliza na ni haki yako kuuliza. Sisi wa pwani tumelelewa kwa Imamu Shafi: mate ya mbwa ni najisi, yanaoshwa mara 7, mojawapo kwa udongo. Wamaliki wanasema mbwa aliye hai ni twahara. Mimi si sheikh, sitakutolea fatwa, nitakwambia nilivyofanya. Nilikuwa na nguo za mbwa na nguo za ibada, nikaziweka vyumba mbalimbali, na udongo safi kwenye kopo la maziwa karibu na bomba la nje. Wenzangu wa Nepali walidhani nimeotesha mchicha. Ukiwa na Bruno kwenye lifti na akaingia mtu wa kanzu nyeupe anayekwenda msikitini, toka wewe, subiri nyingine, hata kama umetangulia. Na mtu akikucheka kwamba mtoto wa Kiislamu anafuga mbwa, mkumbushe kwamba mbwa wa watu wa pangoni ametajwa kwenye Suratul Kahf, na mbwa wa kuwinda aliyefundishwa ana hukumu yake kwenye Suratul Maida. Wenyeji wenyewe wana saluki wao, na Januari huko Sealine, kwenye tamasha la Marmi la vipanga na uwindaji, huwashindanisha mbio. Hawamtazami saluki kama wanavyomtazama Bruno, lakini hilo ni lao.

Sasa nikueleze lililonifanya nikuandikie, maana yote hayo ya juu ungeweza kuyapata kwa mwingine.

Miaka ya mwanzo nilifanya kazi mlangoni mwa hoteli, mbwa akinusa magari. Wale mbwa walinunuliwa Ulaya wakiwa wamekwisha kufundishwa kwa Kiholanzi. Basi nikawa mimi, mtu wa Likoni, niko Uarabuni, namwambia mbwa wa Kibelgiji "zit", anakaa, "los", anaachia. Hapo nikajifunza kwamba mbwa hajui lugha, anajua mlio. Baadaye familia moja ikanichukua niangalie mbwa wao nyumbani, jike wa rangi ya asali, mwoga mwoga. Nikamfundisha kwa Kiswahili. Kaa. Lala. Njoo. Acha. Mlio wangu, chakula kutoka mkononi mwangu, kamba yangu. Bwana mwenye nyumba alikuwa akimwita mara 3, mbwa anageuka ananitazama mimi kwanza. Nami nilikuwa nikifurahi! Nilikuwa nikiwasimulia wenzangu Ijumaa, tukinywa chai: yule mbwa hamsikii mtu ila mimi. Niliona ni ufundi, na moyoni nikaona ni usalama wa kazi.

Kisha babu yako akafariki, nikaja nyumbani siku 50. Huko nyuma yule mbwa hakumjua mtu. Hakula sawasawa. Wakimwambia kaa kwa Kiingereza, anatetemeka. Siku ya 20 na kitu mtoto akafungua geti, mbwa akatoka, wakamwita kwa maneno yao yote, hakurudi, akapatikana jioni barabarani, nyayo zimeungua. Wakamtoa. Niliporudi na kuingia chumba cha kufulia, kamba yake ilikuwa imetundikwa msumarini, imeoshwa, imekunjwa vizuri. Hakuna aliyenilaumu, na mimi sikusema kitu. Kila kiangazi wageni wanapohama Doha, makazi ya mbwa ya watu wa kujitolea hufurika. Yule wangu alikwenda huko akiwa na maneno manne asiyoyaelewa mtu mwingine yeyote ndani ya jengo.

Nimekusikia kwenye ujumbe ukisema "akiwa na mimi anatulia, tatizo ni wao". Ulisema hivyo kwa fahari kidogo. Naijua hiyo fahari.

Bruno si wako, mwanangu. Mkataba wako una mwisho, na ruhusa yako ya nyumbani inakuja. Kwa hiyo kesho keti na madamu, usimwambie amekosea. Mwambie hivi: "Madamu, Bruno anapenda sana kukufurahisha, ila sote tunamwita kwa maneno tofauti." Ni kweli na haimuumizi mtu. Mchague neno moja kwa kila jambo, la lugha yao, wewe ndiye ubadilike, uache "kaa" yako. Andika maneno kwenye karatasi, bandika kwenye friji, chini kidogo ili mdogo wao naye aone. Kipimo kwenye daftari kiwe hiki: kati ya mara 10, Bruno amemsikia madamu mara ngapi wewe ukiwa haupo chumbani? Nahisi itaanza na 2. Usicheke, wala usitoke kumsaidia.

Jioni, lami ikipoa, mfunge Bruno ukosi wake, kisha kamba mpe madamu mkononi. Wafuate nyuma hatua 10, umebeba mfuko wa uchafu na maji, kimya. Bruno akigeuka kukutafuta, tazama pembeni. Itakuchoma kidogo.

Nitumie ukurasa wa kwanza wa daftari ukishajaa. Piga picha vizuri, macho yangu si yale.

Mjomba wako