Magadi ya Bibi

Mpaka wa Kenya na Tanzania ulipofungwa Februari 1977, wachuuzi wa Taveta walilia biashara. Nyumbani kwetu Bomeni, bibi alilia magadi. Siku za gulio, Jumatano na Jumamosi, kina mama wa Holili na Himo, ng'ambo ya mpaka, ndio waliokuwa wakimletea: mabonge ya kijivu yaliyovunjwavunjwa, yakipimwa kwa kopo la Kimbo.

Mengine yaliishia kwenye kande. Yaliyobaki yalikuwa dawa ya tumbo. Ukivimbiwa, bibi alikwangua unga wa kujaa ncha ya kisu, akaukoroga kwenye kikombe cha maji ya chemchemi ya Njoro Kubwa, akaacha mchanga utuame, kisha akakamulia ndimu. Maji yaliumuka povu, yakitoa sauti kama mafuta kikaangoni. "Kunywa, povu lisife!" Ulikunywa mkupuo mmoja, pua ikiwasha, ukangoja kucheua. Aliyecheua alirudi kucheza. Asiyecheua, na tumbo likazidi kukaza, alipelekwa hospitali. Hakuongezewa kikombe cha pili. Wajawazito wenye kiungulia aliwapa kidogo sana, tena bila ndimu.

Siri ya povu nilikuja kuifahamu darasani. Magadi ni kabonati. Yakikutana na asidi ya ndimu hutoa kaboni dayoksaidi, gesi ileile ya soda ya chupa. Yakifika tumboni huipunguza makali asidi ya huko, na kiungulia hutulia.

Mpaka ulipokuwa umefungwa tulitumia ya Ziwa Magadi, Kajiado, yaliyoletwa na malori. Bibi aliyaonja kwa ncha ya ulimi, akasema ni makali, akapunguza kipimo. Hata mpaka ulipofunguliwa Novemba 1983, kipimo hakukirudisha.

Lakini ulimi haukuweza kumwonyesha floridi. Magadi ya Bonde la Ufa huwa nayo nyingi, na mtoto anayeyala wakati meno ya ukubwani bado yanajiunda ndani ya taya huyaota yakiwa na madoa ya kahawia. Wenzetu waliokuwa na meno hayo tuliwasingizia uchafu, nao wakasugua mkaa bure. Tena magadi yana sodiamu, adui wa wenye presha.

Kwa hiyo wajukuu siwapi, wala mwenye presha simpi. Mtu mzima aliyeshindilia ndizi nitamkamulia ndimu, magadi ncha ya kisu. Asipocheua, zahanati haiko mbali.