Safari ya Ziwa Superior katika Nyumba ya Magurudumu



Wengi wenu mmetuuliza habari za safari yetu ya Marekani, na hasa habari za wazee wawili waliotuchukua katika nyumba iendayo barabarani. Tuliahidi kuziandika, nasi sasa twatimiza ahadi. Hatutaeleza miji mikubwa wala maghorofa, maana hayo wengine wameyaeleza. Twataka kueleza jinsi mzee mmoja aliyemaliza kazi azitumiavyo siku zake, na habari ya samaki aliyemngoja tangu utoto.

Tulikuwa watu wawili, wote wa Bukoba. Wenyeji wetu ni mume na mke wakaao Duluth, katika jimbo la Minnesota. Miaka michache nyuma wao walikuwa wageni wetu, wakala ndizi na senene mezani petu. Mwezi wa Julai mwaka 2025 ikawa zamu yetu kula chao. Mzee alizaliwa mwaka 1949. Alifanya kazi katika reli ichukuayo madini ya chuma, akastaafu mwaka 2015. Mkewe alikuwa mwalimu. Huko, kwa sheria iliyotungwa mwaka 1935, mfanyakazi hukatwa sehemu ya mshahara wake, na akizeeka hulipwa kila mwezi. Fedha hizo si nyingi, lakini wazee wetu hawa walikuwa wameweka na akiba yao wenyewe, kidogo kidogo, wakanunua gari lile.

Gari lenyewe watu wa huko huliita kwa herufi mbili tu, RV. Kwa nje ni kama basi dogo. Kwa ndani ni nyumba. Juu ya kiti cha dereva pana kitanda, na nyuma pana kitanda kingine. Pana jiko la gesi, jokofu, meza, tangi la maji safi, na choo. Maji machafu hukaa katika tangi la chini, wala hayamwagwi njiani, bali hupelekwa kwenye shimo lililochimbwa kambini kwa kazi hiyo. Magari ya namna hii si jambo jipya. Mwaka 1910 kampuni ya Pierce-Arrow ilionyesha moja katika New York, nayo mwaka 1919 wasafiri wa kambi walikwisha kufanya chama chao katika Florida. Siku hizi wazee wengi waliostaafu huzunguka nchi kwa magari hayo, na mwenye umri wa miaka 62 na zaidi, akiwa raia au mkazi wa kudumu, aweza kununua kwa dola 80 cheti cha maisha cha kuingilia katika hifadhi za taifa.

Kabla ya kuondoka, Bibi alisoma karatasi yenye maswali, na Mzee akajibu: Mpira wa maji umefunguliwa? Waya wa umeme umetolewa? Madirisha yamefungwa? Siku ile swali la mlango wa jokofu lilirukwa kwa ajili ya mazungumzo yetu. Katika kona ya kwanza mayai yote yalitufuata mpaka miguuni. Bibi akacheka, akasema karatasi ile waliiandika baada ya mayai ya kwanza, miaka kumi nyuma.

Tukaona ya kuwa Bibi ndiye ashikaye usukani. Siku ile hatukuuliza. Baadaye Mzee mwenyewe akatuambia. Macho yake yameingia ugonjwa wa uzee. Yaona kandokando, lakini katikati pana giza, hata hawezi kusoma wala kutambua uso wa mtu. Binti yao, akaaye mbali katika Texas, alikuwa amewaambia kwa simu kwamba wakati umefika wa kuuza gari na kutulia nyumbani. Basi tukafahamu kwamba safari hii yaweza kuwa ya mwisho, nasi tumeingia ndani yake kama wageni wa arusi wasioambiwa kwamba ni tanga.

Barabara yafuata ufuko wa Ziwa Superior kutoka Duluth kwenda kaskazini na mashariki. Wenyeji wa kwanza wa nchi ile, Waojibwe, huliita Gichigami. Sisi tuliozaliwa kando ya Ziwa Victoria tulidhani twajua maziwa, hapo tukanyamaza. Ziwa letu lina eneo la kilomita za mraba 68,800 hivi, lile la kwao lapata 82,100. Kwa kina ndipo tuliposhindwa kabisa: letu halipiti sana mita 80, lao lafika mita 406. Na maji yake ni baridi hata wakati wa joto. Tulitia mikono, tukaitoa upesi. Tulipita Two Harbors, penye magati marefu ya kupakilia madini ya chuma, kisha mnara wa taa wa Split Rock, uliojengwa juu ya jabali mwaka 1910 baada ya dhoruba ya mwaka 1905 kuvunja meli nyingi. Jioni tukafika Grand Marais, tukaegesha gari katika kambi ya mji iliyo kando ya bandari, pahali petu pakiwa na bomba na umeme. Jua la huko wakati ule lachwa karibu saa tatu usiku.

Waswahili husema mgeni siku ya tatu mpe jembe. Nasi siku ya tatu tulipewa jembe letu, nalo lilikuwa mpira wa kutolea maji machafu. Tulifanya kazi ile kwa adabu na pua zilizofungwa.

Usiku ule Mzee alitueleza habari ya baba yake. Baba alikuwa mvuvi wa nyavu katika ufuko huu, na samaki wake wa thamani alikuwa trauti wa ziwa, samaki wa maji baridi, mwenye madoa meupe na mkia uliopasuka. Jamaa zake wako hata katika mito ya Mlima Kenya, walikopandwa na Waingereza. Trauti huyu hakui upesi: hukaa miaka sita au saba, hata zaidi, kabla ya kuzaa, na wengine huishi miaka zaidi ya 20. Ndipo akaja adui. Ni mnyama wa majini afananaye na mkunga, asiye na taya, mwenye kinywa cha mviringo kilichojaa meno. Hujibandika ubavuni mwa samaki akamnyonya damu. Kwao ni bahari ya Atlantiki. Maporomoko ya Niagara yalimzuia tangu kale, lakini watu walichimba mfereji wa Welland ili meli zipite, naye akapita pamoja nazo. Mwaka 1921 alionekana katika Ziwa Erie, na mwaka 1938 katika Superior. Katika miaka ya 1950 nyavu zikatoka tupu. Mzee alikuwa mtoto. Alimwona baba yake akizikunja nyavu, akaziweka darini, akaenda kutafuta kazi ya mshahara. Hakuzishusha tena.

Tuliposikia hayo tulitazamana, kwa maana sisi nasi tuna habari yetu. Katika miaka ya 1950 na 1960 sangara alitiwa katika Ziwa Victoria, na miaka ya 1980 alipozidi, aina nyingi za furu waliowalisha wazee wetu zilitoweka. Sangara ameleta fedha, hatukatai. Lakini wengi wa furu wale hawajarudi.

Trauti wa Superior amerudi, nayo si kazi ya siku moja. Wataalamu walijaribu dawa karibu 6,000 ili wapate moja iwezayo kuwaua watoto wa yule mnyonya damu katika mito bila kuwamaliza samaki wengine. Waliipata, wakaitia mara ya kwanza mwaka 1958 katika mito iingiayo ziwa hili. Uvuvi wa nyavu ukazuiwa, na vifaranga vya trauti vikapandwa mwaka baada ya mwaka. Mwaka 2024 wakuu wa uvuvi walitangaza kwamba trauti wamerudia hali yao katika sehemu kubwa ya ziwa. Walakini ulinzi haukomi: miaka ya 2020 na 2021, kazi ya dawa ilipopungua kwa ajili ya UVIKO, adui aliongezeka tena. Wengi walioianza kazi hii hawakuuona mwisho wake.

Asubuhi yake tulikata vibali, tukaingia katika mashua ya injini, sisi wawili na Mzee. Bibi alibaki ufukoni. Uvuvi wenyewe ni huu: tufe la risasi, kama chubwi kubwa, hushushwa kwa waya wa chuma, nalo huuchukua mshipi mpaka kina kitakiwacho, mashua huenda polepole, na chambo cha bati hung'aa nyuma yake. Samaki akiuma, mshipi hufunguka kutoka katika waya, na ufito huinama. Mzee hakuhitaji macho. Mkono wake ulijua yote. Samaki wa kwanza alipoingia katika wavu, yeye hakuuliza uzito. Alimpitisha kidole juu ya mapezi, moja moja, polepole. Kisha akasema, “Yote yapo.” Akatueleza kwamba samaki wapandwao hukatwa pezi moja ili wajulikane, huyu amezaliwa humu ziwani, mwana wa ziwa. Akakaa kimya, nasi hatukusema neno.

Tukapata wa pili. Wa tatu, aliyekuwa mkubwa, alimrudisha majini, akisema huyo ndiye mzazi. Ndipo ukungu ukashuka, mzito kama pamba, hata hatukuona ncha ya mashua. Tuliingiwa na hofu. Mzee akacheka, “Sasa sote tuna macho yangu.” Akatuamuru tusome dira kwa sauti, sisi tukasoma, yeye akageuza usukani. Baada ya muda tukasikia honi, ikanyamaza, ikalia tena. Alikuwa Bibi, amekaa katika nyumba ya magurudumu, akitupigia honi kila baada ya dakika mbili. Tukaifuata sauti ile mpaka gatini.

Jioni, tukila trauti waliokaangwa kwa siagi pamoja na viazi, Mzee alisema kwamba mwaka ujao hawatazunguka. Wataomba kazi ya uangalizi wa kambi. Katika kambi nyingi wazee hupewa pahali pa kuegesha gari lao bila malipo kwa msimu mzima, nao huwapokea wasafiri, huuza kuni na kufagia. Gari litasimama pahali pamoja, karibu na ziwa. Bibi alikubali. Wakampigia binti simu. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza kama wajukuu watapata nafasi katika kitanda cha juu.

Ndugu zetu walimu, kwetu mtumishi wa serikali hustaafu akiwa na miaka 60. Mzee wa kwetu hakosi mtoto wa kumletea maji, wala hakosi mtu wa kumwomba ada ya shule. Wao wana raha ya safari, lakini siku nyingi hula wawili tu, nasi tuliwahurumia. Magari yale si yetu, wala hatuyatamani. Lakini tumeona kwamba mzee yule hakungoja siku ya kustaafu ndipo atafute la kufanya, wala hakuliacha ziwa macho yalipopungua; alipunguza mwendo tu, pamoja na mkewe.

Sisi tumekwisha kuanza. Tumenunua mishipi na ndoana, na Jumamosi moja ya kila mwezi twaenda ziwani na wake zetu. Sangara mkubwa hatujampata bado.

Wasalaam,
Sisi wenzenu wa Bukoba.