Deni la Gari Lililoegeshwa

Wenye magari wengi hapa Iringa hukata bima kwa ajili ya trafiki, si kwa ajili ya ajali. Hulipa thirdi pati, ambayo kwa gari dogo la binafsi ni kama shilingi 118,000 kwa mwaka pamoja na VAT, na namba ikisomeka hai kwenye mfumo wa TIRA, mambo yamekwisha. Ajali inapotokea ndipo hubainika kuwa bima iliyo hai na bima inayotosha ni vitu viwili mbalimbali. Jambo hili lilitufika mwaka jana sisi wawili, mume na mke wa Kihesa, na kwa kuwa waliotuuliza habari zake msikitini na kwenye vikao vya kina mama ni wengi, tumeona tuliandike.

Gari letu ni Toyota ya siku nyingi. Humpeleka bibi yao watoto kliniki, na jioni huwarejesha watoto kutoka madrasa. Siku hiyo lilikuwa limeegeshwa Mlandege mbele ya duka, halina mtu ndani. Fuso lililobeba mbao kutoka Mufindi likarudi nyuma bila utingo wa kuliongoza, na ncha za mbao zikaingia kwenye boneti, taa ya kulia na rejeta. Dereva, kijana wa makamo ya mwanetu mkubwa, hakukimbia. Trafiki wakapima, wakachora ramani ya ajali, wakaandika maelezo yake na yetu. Tulipiga picha kabla Fuso halijasogezwa, na picha hizo zilitufaa kuliko maneno yote yaliyofuata.

Tukaiingiza namba ya Fuso kwenye mfumo wa kuhakiki bima. Ilikuwa hai, na haikubakiza hata miezi miwili tangu ikatwe. Tukashukuru. Shukrani hiyo ilidumu siku nne, mpaka kampuni ya bima ilipouliza swali moja: mbao zilikuwa za nani? Bima ile ilikatwa kwa gari linalobeba mali ya mwenyewe. Likibeba mzigo wa mtu mwingine kwa nauli, kinga ya mali za watu haipo. Na mbao zile zilikuwa za mfanyabiashara mmoja wa mjini, aliyezikodia Fuso.

Hapa inafaa msomaji afahamu jambo ambalo mawakala hawalielezi. Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, inapomlazimisha mwenye gari kuwa na bima, msingi wake ni mwili wa mtu: kifo na majeraha ya mtu wa tatu. Bati, kioo na rejeta si mwili. Kinga ya mali hutegemea yaliyoandikwa ndani ya mkataba wa bima, na mkataba huo wengi wetu hatujapata kuusoma ukurasa wa pili.

Jioni ya siku ya tano mwenye Fuso alifika nyumbani. Alikuja kwa adabu, na mkungu wa ndizi mkononi. Baada ya pole na chai akasema lililomleta. "Ndugu zangu, mkiulizwa, semeni tu mbao zilikuwa zangu. Nitamweka sawa mwenye mbao. Kampuni italipa, ninyi mtatengeneza gari, mimi sitaumia, na hakuna atakayedhulumiwa."

Hatutaki kumchafua mtu huyu. Alikuwa na Fuso moja, mkopo benki, na watoto shuleni kama sisi. Wala hatutadai kuwa maneno yale hayakutuingia. Fundi alikuwa amekwisha kutuandikia hesabu: boneti ya mtumba 350,000, rejeta 220,000, taa 180,000, bampa 150,000, kunyoosha na rangi 600,000, jumla 1,500,000. Juu yake kulikuwa na 60,000 za kulivuta gari, na bajaji za kila siku za kwenda madrasa na kliniki. Fedha hizo hatukuwa nazo. Usiku ule tulizungumza mpaka taa za majirani zikazimika. Kilichotukwamisha ni kwamba ushahidi ungekuwa wetu, kwa ndimi zetu. Aya ya 135 ya Suratun-Nisaa inatuamrisha kuwa mashahidi wa haki hata kama ni dhidi ya nafsi zetu, na aya hiyo haikumtoa mwenye gari bovu. Ama ile kauli ya kwamba hakuna atakayedhulumiwa, kampuni ya bima hulipa kutoka michango ya watu, na anayelipiwa kwa uongo huchota mfukoni mwa wote waliochangia. Asubuhi tukampigia simu: hapana, lakini njoo tuzungumze.

Alikasirika. Kwa wiki mbili hakupokea simu. Katika wiki hizo tulipata washauri wa kila namna. Wapo waliosema ni kadari, msamehe. Kadari ni kweli, lakini haikupata kumwondolea mtu dhamana ya alichoharibu. Chombo cha chakula kilipovunjwa nyumbani kwa Mtume (s.a.w.), alitoa chombo kizima mahali pa kilichovunjika. Msamaha nao ni wa mwenye haki, na huja baada ya haki kukubaliwa, si mahali pake. Wengine walisema tumbane yule kijana dereva. Tulikataa: alikuwa kazini kwa mtu, na Fuso ni la mtu huyo.

Mwenye Fuso alirudi, safari hii na kaka yake. Tulikaa ofisi ya serikali ya mtaa mbele ya mwenyekiti. Yeye si Muislamu, na hilo halikuongeza wala kupunguza kitu. Ubishi ulikuwa juu ya rejeta: alisema ya kwetu ilikuwa imechakaa, na atakayolipia itakuwa bora zaidi. Alikuwa na hoja, ila rejeta iliyochakaa kwa kiasi kile kile haiuzwi dukani. Tukaiacha hesabu ya fundi kama ilivyo pamoja na gharama ya kuvuta, na sisi tukaachia nauli za bajaji, 184,000 kwa siku 23. Deni likawa 1,560,000: atangulize 560,000, kisha 200,000 kila mwezi kwa miezi mitano. Likaandikwa, mashahidi wawili kila upande, sahihi na dole gumba. Madai ya uzembe peke yake ni safari ndefu mahakamani. Deni linalotokana na makubaliano yaliyoandikwa linaweza kupelekwa Mahakama ya Mwanzo iliyo jirani.

Karani alipendekeza kiongezwe kifungu: akichelewa, kila wiki 10,000 juu yake. Tuliomba kifutwe. Nyongeza juu ya deni kwa sababu ya kuchelewa tunaijua jina lake. Mwenye Fuso alituangalia kwa muda, nadhani kwa mara ya kwanza tangu tumkatalie.

Alilipa miezi mitatu bila kukumbushwa. Kisha mvua zikakaza, barabara za mashambani Mufindi zikawa utelezi, na Fuso likasimama. Alipiga simu mwenyewe kabla ya tarehe. Tukampa muda mpaka njia zikauke, tukaandika tarehe mpya nyuma ya karatasi ile ile, kila mmoja akatia sahihi. Gari letu linatembea, rangi ya boneti haifanani sawasawa na ya milango. Zimebaki laki nne. Wiki iliyopita tuliliona Fuso Ipogolo likipanda mjini na mbao, na nyuma yake, amesimama na kitambaa chekundu mkononi, alikuwepo utingo.